Anzeni na mtaro, katiba itafuata

Kwenye mitaa mipya ya Arusha, Olasiti, Muriet, Moshono na kwingineko, hodi haina kazi tena. Geti ni la chuma, ukuta umempita mtu kimo, na mbwa anaitikia kabla mwenyeji hajasikia. Anayetaka kuingia anaokota jiwe na kugonga. Watu wanakaa miaka mitano ukuta kwa ukuta wakijuana kwa rangi ya gari tu. Moshi hali ni hiyo hiyo kwenye viwanja vipya, ila ukishuka Pasua, Njoro au Majengo, penye nyumba za vyumba na bomba moja la uani, watu bado wanajuana mpaka majina ya watoto. (Wanajuana pia kwa ugomvi wa umeme wa LUKU, lakini ugomvi nao ni kujuana.)

Wengi wanaotaka kurekebisha hali hii kwa kuunda kikundi cha majirani huanzia juu. Kikao kinaitishwa, mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanachaguliwa siku hiyo hiyo, kiingilio kinapangwa shilingi 20,000, na mtu mmoja anapewa kazi ya kuandika katiba. Kikao cha pili wanakuja nusu. Cha tatu wanakuja viongozi watatu na mzee aliyefuata soda. Watu wameombwa pesa na utii kabla hawajaona kitu chochote kimefanyika, na kila mmoja ana kumbukumbu ya mchango uliowahi kuliwa mahali fulani.

Njia inayofanya kazi ni ndogo zaidi na inachafua viatu.

Fuata maji

Arusha imekaa miguuni pa Meru, Moshi miguuni pa Kilimanjaro. Miji yote miwili imeinama, na mvua ya masika haiulizi hati ya kiwanja. Aliye juu akiziba mtaro, wa chini anaamka na tope sebuleni. Wa chini hawezi kujiokoa peke yake hata awe na pesa kiasi gani, maana tatizo lake linaanzia kwenye geti la mtu mwingine. Wachagga walilijua hili zamani sana. Mfongo mmoja, yaani mfereji wa kuleta maji kutoka mlimani, ulipita kwenye vihamba (mashamba ya familia) vya watu wengi, kwa hiyo maji yalichukuliwa kwa zamu, siku ya kuufukua kila kaya ilitoa mtu, na asiyetokea alitozwa. Ushirikiano huo ulizaliwa na mfongo.

Kwa hiyo, unapojiuliza "majirani zangu ni nani?", subiri mvua ipungue, vaa mabuti, na fuata maji kuanzia yanapoingia kwenye njia yenu mpaka yanapoingia korongoni au kwenye mtaro mkubwa. Hesabu mageti yaliyo pande zote mbili. Hilo ndilo eneo lenu. Kati ya nyumba 12 na 25 ni kipimo kizuri. Chini ya 10, wawili wakisafiri hakuna kikao. Juu ya 30, watu wanaanza kuonana kama abiria wa daladala. Kama njia ni ndefu, igaweni mara mbili na muwe na mtu mmoja wa kuunganisha.

Mpango wa nyumba kumi kumi si mgeni hapa nchini. Chama cha TANU kiliueneza tangu miaka ya 1960, na neno balozi, yaani kiongozi wa nyumba hizo kumi, bado liko midomoni mwa watu. Ila kumbuka kwamba baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi wa shina ni kiongozi wa CCM, si wa serikali. Msalimie mapema, kwa sababu mara nyingi ndiye anayejua nani ni nani, lakini kikao cha majirani kisifanyikie chini ya bendera ya chama chochote. Jirani wa chama kingine hatakwambia kwamba amekwazika. Hatakuja tu.

Anayetakiwa kupewa taarifa ni mwenyekiti wa mtaa pamoja na mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti amechaguliwa, na waliopo sasa wengi wao walipatikana kwenye uchaguzi wa Novemba 27, 2024 kwa kipindi cha miaka mitano. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Kusalimiana na jirani hakuhitaji kibali cha mtu, lakini mkutano wa watu wengi na kazi yoyote inayogusa barabara vinahitaji watu hawa wawe wamejulishwa, kwa mdomo na kwa barua ya nusu ukurasa. Barua hiyo itawakinga siku ambayo mtu mmoja ataenda kulalamika kwamba mnaendesha mikutano ya siri. Mtu huyo yupo kila mtaa.

Daftari kabla ya kikao

Piteni wawili, mwanamke na mwanamume kama inawezekana. Mwanamume peke yake akigonga geti saa 12 jioni anatia wasiwasi, na wanawake wawili wanaweza kudhaniwa wanauza kitu au wanahubiri. Muda mzuri ni Jumapili kuanzia saa 10 jioni: Wakristo wengi wameshatoka ibadani na kula, Wasabato walimaliza siku yao jana, na Waislamu wana nafasi mpaka magharibi, ambayo kwetu ni kama saa 12 na nusu. Ijumaa mchana na Jumamosi asubuhi mtakosa watu kwa sababu hizo hizo.

Maneno ya mlangoni yawe machache. "Shikamoo mama. Sisi ni majirani zako, mimi natoka lile geti la bluu pale kwenye mwembe, mwenzangu anakaa kwa fundi seremala. Tunapita kufahamiana tu. Leo hatuchangishi kitu." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua geti. Ikishasemwa lazima iheshimiwe; mkichangisha siku hiyo hata mia tano, mmekwisha.

Kwenye daftari andika kwa kaya, usiandike kwa nyumba. Kaya ni jiko. Nyumba ya vyumba sita inaweza kuwa na majiko sita, na mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi Dodoma. Vikundi vingi vya majirani ni vya wenye nyumba peke yao, halafu vinashangaa mbona watu hawajitokezi, wakati huenda wengi wa watu wa njia hiyo ni wapangaji ambao hakuna aliyewaalika.

Kila kaya ipate mstari wenye vitu vitano. Kwanza, jina analoitwa mtu mtaani. Mama Neema akiandikwa kwa majina ya kwenye kitambulisho, hakuna atakayemtambua. Pili, namba mbili za simu, na moja iwe ya mtu anayeshinda nyumbani mchana. Hapa watu wengi hukosea: wanachukua namba ya baba ambaye yuko kazini mjini, wakati moshi ukitoka dirishani anayeweza kufungua geti ni dada wa kazi au mlinzi. Dada wa kazi ndiye anayejua mtaa kuliko bosi wake, basi aandikwe kwa jina lake na aalikwe. Tatu, namba ya nyumba na jina la barabara kama lilivyowekwa kwenye zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Vibao vingi vipo na watu wameshavisahau, lakini ndivyo vitakavyomwongoza dereva wa zimamoto baada ya kupiga 114, maana ukisema "kwa Mangi kata kushoto", kuna Mangi mwenye duka kila kona. Nne, kama kuna mtu wa kuangaliwa: mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, mtoto mwenye ulemavu. Hili liandikwe kwa ridhaa yake tu. Tano, anachoweza kutoa, yaani ngazi ndefu, gari, ufundi umeme, uuguzi, toroli, kisima.

Daftari likae kwa mtu mmoja na nakala kwa mwingine. Lisipigwe picha na kurushwa kwenye simu za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mwanamke anayeishi peke yake hapendi namba yake na ya nyumba yake zizunguke.

Kazi ya kwanza

Mtaro unafaa kuwa kazi ya kwanza kwa sababu unamgusa kila mtu, hauhitaji pesa nyingi, unaisha siku moja, na mvua inayofuata inathibitisha kama mlifanya kweli. Fanyeni Februari kabla ya masika, au Septemba kabla ya vuli. Msijaribu Desemba, nusu ya Moshi iko migombani. Januari pia hapana. Akili za watu ziko kwenye ada.

Chukua mfano wa mtaro wa mita 60, upana sentimita 40 na kina sentimita 40. Hiyo ni mita za ujazo 9.6 za udongo. Mtu wa kawaida, si kibarua mzoefu, hutoa kama mita moja ya ujazo kwa asubuhi moja ya kazi ya muda wa saa tatu kwenye udongo laini. Kwa hiyo mnahitaji watu 10 wanaochimba kweli, na tuseme 4 wa kusomba, kukata majani na kuchemsha chai. Vifaa ni sululu 3, majembe 5, makoleo 5, matoroli 2, panga, kamba ndefu na vigingi. Sululu iwe nyingi zaidi kama kuna mawe.

Mteremko usipungue sentimita moja kwa kila mita moja. Macho hudanganya sana kwenye miji iliyoinama: unaweza kuapa kwamba maji yatashuka kushoto, kumbe kulia. Tumieni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi wa kupima levo, au muulizeni fundi aliye kwenye daftari lenu. Anzeni kuchimba chini mkipanda juu. Mkianzia juu na mvua ikawakuta katikati, mmemtengenezea jirani wa katikati bwawa, na ndiye atakayewasema miaka kumi. Udongo unaotoka uwekwe nusu mita kutoka ukingoni au ubebwe kabisa kujazia mashimo ya njia. Ukiachwa ukingoni unarudi wote ndani kwa mvua ya kwanza.

Kinachoua mitaro ya mitaani ni mageti. Kila mwenye gari anataka kivuko mbele ya geti lake, na wengi hulaza bomba la plastiki la inchi 4, wanamwaga kokoto juu, basi. Bomba la inchi 12 lina uwazi mara 9 ya lile la inchi 4. Bomba dogo moja katikati ya njia linafanya mtaro mzima uwe na uwezo wa bomba hilo, na chupa moja ya soda inatosha kuliziba. Kubalianeni mapema: kivuko ni karavati la zege la inchi 12 au zaidi, au nondo zilizochomelewa kama wavu ili kuweza kufukua. Asiye na pesa ya karavati mwezi huu aweke mbao nene. Hili lizungumzwe kwa upole na kabla ya siku ya kazi, nyumbani kwake. Likisemwa mbele ya watu wenye majembe linakuwa shutuma.

Jambo la mwisho la mtaro ni mwisho wake. Maji lazima yafike mahali palipokubaliwa, korongoni au kwenye mtaro wa barabara kubwa, na mtu wa pale chini awe amesema ndiyo. Kabla ya sululu kushuka, ulizeni mamlaka ya maji bomba limepita wapi, AUWSA kwa Arusha na MUWSA kwa Moshi. Kama ni barabara iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mtendaji wa mtaa awasaidie kuwajulisha. Bomba la mtaa mzima likipasuliwa na majirani wenye nia njema, nia njema hiyo haitakumbukwa.

Serikali ilishawapa siku ya kufukua na kusafisha: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi nchi nzima, utaratibu uliokuja baada ya Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi. Itumieni kwa matengenezo ya mtaro, na Wasabato wapewe kipande chao wakifanye Jumapili. Isiwe hoja kabisa.

Moramu, udongo wa changarawe wa kumwaga njiani, ni kazi ya mwaka wa pili, si wa kwanza. Njia ya mita 100 kwa upana wa mita 4 na unene wa sentimita 10 inataka mita za ujazo 40 zilizoshindiliwa, yaani kama 50 zikiwa zimemwagwa, ambazo ni tripu 7 za tipa la mita 7. Ikimwagwa kabla ya mitaro kufanya kazi, masika moja yanaipeleka yote kwa jirani wa chini, ambaye atakuwa amepata moramu bila kuchangia.

Taa, halafu filimbi

Baada ya mtaro, kitu rahisi kinachobadilisha njia ni kila nyumba kuwasha taa moja nje ya geti. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 inakula uniti 0.108 kwa usiku, kama uniti 3.2 kwa mwezi. Kwa anayenunua uniti moja kwa karibu shilingi 356, hiyo ni chini ya shilingi 1,200 kwa mwezi. Ila kuwe na busara: bibi aliye kwenye bei nafuu ya matumizi madogo, ile isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ana haki ya kuogopa kuvuka. Taa yake iunganishwe na jirani mwenye uwezo, au awekewe ya sola. Taa ielekee chini, isimulike chumba cha mtu wa ng'ambo.

Kwa dharura ya usiku msitegemee grupu la WhatsApp. Saa 8 usiku simu ziko kimya. Filimbi ndogo moja kwa kila kaya inafanya kazi bila bando, na mkikubaliana alama (moja ndefu ni "njooni na mwanga", tatu fupi ni moto) hata mtoto anaweza kuipuliza. Pamoja nayo wekeni zamu ya kupigiana simu: kila aliyeamka anapiga simu mbili zilizoandikwa kwenye daftari, na hao wawili wanapiga mbili mbili. Nyumba 15 zinaamka kwa mizunguko mitatu.

Hapa kuna jambo la kusema bila kuficha. Filimbi ikipulizwa "mwizi!", mtaa unaweza kuua mtu kwa dakika kumi, na mara nyingine aliyeuawa ni mlevi aliyekosea geti. Kikao cha kwanza kabisa cha ulinzi kitaje watu watatu wenye sauti ambao kazi yao ni kusimama kati ya mshukiwa na mawe, na mtu wa nne wa kupiga 112. Kama hamna watu hao, msianze mambo ya filimbi za wezi.

Mlinzi wa pamoja ana hesabu yake. Tuseme nyumba 24 zinataka mlinzi wa usiku wa shilingi 240,000. Wengi hugawa na kupata 10,000 kwa nyumba, mwezi wa pili nyumba 8 hazijalipa, na mlinzi anaanza kulala. Pangeni 15,000. Nyumba 16 zikilipa mshahara umetimia, na ziada ikipatikana inanunua tochi, koti la mvua na koti zito, maana Julai ya Arusha si ya mchezo. Mlinzi apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi kata wamfahamu kwa sura kabla hajaanza, awe na mkataba wa maandishi, na alipwe na mtu mmoja siku moja. Akilipwa kidogo kidogo kila geti, atalinda zaidi mageti yanayolipa vizuri.

Na hilo grupu la WhatsApp? Lifanyeni mawili. La matangazo, wanaoandika ni maadmini wawili tu: maji yatakatika lini, gari la taka linapita lini, msiba uko wapi. La maongezi, kila mtu. Kila mwanachama ajiandike kwa jina la mtaani na namba ya nyumba. Picha ya "mwizi aliyekamatwa" isirushwe humo. Mkikosea mtu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kuwahusu, na mama yake anakaa mtaa wa pili. Wakati wa kampeni, la maongezi lifungwe jioni. Wasio na simu janja, na ni wengi kuliko wenye simu janja wanavyodhani, wapate ujumbe wa kawaida, na karatasi ibandikwe dukani kwa Mangi. Mangi ndiye redio ya mtaa hata hivyo.

Msiba

Kama mtashirikiana jambo moja tu maisha yenu yote, litakuwa hili, na ndipo vikundi vingi vinapofia kwa kukosa hesabu.

Kosa kubwa ni kuchangishana baada ya kifo. Kaya 40 kwa shilingi 10,000 ni 400,000, lakini siku ya kwanza zinaingia labda 150,000, nyingine zinakuja wiki mbili baadaye wakati wafiwa walishakopa. Kwa msiba wa Kiislamu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mazishi mara nyingi ni siku hiyo hiyo au kesho yake. Mchango wa siku tatu unakuta kaburi limeshafunikwa. Geuzeni utaratibu. Kusanyeni kwanza akiba ya msiba mmoja, polepole, kila kaya 2,500 kwa mwezi, kwa miezi minne. Mtu akifariki, 300,000 inatoka ndani ya saa chache, halafu ndipo kila kaya inachangia kuijaza tena. Laki moja inayobaki ni ya msiba wa pili ukija kabla ya kujaza, na lazima ukubalike mapema kwamba wa pili unaweza kupata kidogo mwanzoni na kumaliziwa baadaye.

Andikeni nani anahesabika. Mume, mke, watoto wao, na wazazi wa pande zote mbili ni orodha inayobebeka. Msipoandika "pande zote mbili", wazazi wa mke watasahaulika mpaka siku mama mkwe atakapofariki, na kikundi kitapasuka. Shangazi na binamu wabaki kwenye rambirambi za hiari. Kila kaya ijaze majina hayo siku ya kujiunga na isahihishe kila Februari. Anayejiunga leo asubiri miezi mitatu kabla ya kupata fedha, vinginevyo watu watajiunga kutoka wodini. Ila kusubiri huko ni kwa fedha tu. Viti, maji, kuni, kulala msibani, hayo ni ya kila mfiwa, mwanachama au asiye mwanachama, aliyegoma kuchimba mtaro na aliyechimba.

Ulizeni pia fedha inahitajika wapi. Arusha na Moshi zimejaa watu watakaozikwa kwao: Rombo, Machame, Same, Mbulu, Singida. Kwa familia hiyo, Coaster moja ya kupeleka majirani ina maana kuliko gunia la mchele, na majirani sita watakaokwenda kweli kaburini wanakumbukwa kuliko bahasha.

Vyombo ndiyo mali ya kwanza kununua. Kwa kaya 40 anzeni na viti vya plastiki 60, turubai moja kubwa, sufuria mbili kubwa, sahani 100, ndoo na mapipa ya maji. Pakeni alama ya rangi chini ya kila kitu, hata sahani. Vihesabiwe vikitoka na vikirudi mbele ya mtu yule yule, kabla giza halijaingia, kwa sababu sahani zinazohesabiwa kesho yake huwa zimeshapungua. Kukodisha kwa watu wa nje ni sawa na kunarudisha gharama. Sufuria za kikundi zisipikiwe kitimoto hata kwenye sherehe ya mtu binafsi, na nyama ya msibani ichinjwe na Mwislamu ili wote wale. Sheria hizi mbili zikivunjwa mara moja, nusu ya mtaa haitakula tena kwenye vyombo hivyo na haitasema kwa nini.

Pesa, kwa ufupi

Pesa isikae kwenye simu ya mweka hazina. Si lazima awe mwizi. Mtoto wake akiugua usiku, pesa iliyo karibu ni hiyo. Kisanduku cha vicoba (vikundi vya kuweka na kukopa) chenye kufuli tatu na wenye funguo watatu tofauti kinatosha kwa kiasi kidogo. Ikizidi msiba mmoja, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wasiwe wa nyumba moja wala ukoo mmoja. Hesabu isomwe kila kikao kwa noti kuhesabiwa mezani, au kwa taarifa ya benki kupitishwa mkono kwa mkono.

Mkianza kukopeshana mmeingia eneo jingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe, na mlango wa kuingilia ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Usajili una faida pia: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haiendi kwa kikundi kisicho na karatasi. Lakini ushauri ni kutenganisha. Wanaotaka kukopeshana waunde kicoba chao ndani ya mtaa. Ujirani ukibeba madeni, asiyeweza kulipa anaanza kupita njia ya nyuma, na mmempoteza mkopaji na jirani kwa mpigo.

Hapa ndipo katiba inapokuja, ukurasa mmoja tu, iandike yale ambayo tayari mnafanya. Faini ziwe ndogo na za kazi kuliko za pesa: aliyekosa siku ya mtaro afukue mita zake tano kabla ya Jumamosi ijayo.

Wanaohama

Mitaa ya kupanga inabadilika haraka. Kikundi kisipokuwa na namna ya kupokea wageni, baada ya miaka miwili kinabaki cha wenye nyumba wachache na daftari la namba zisizopatikana. Mpeni mtu mmoja kwa kila nyumba 5 kazi ya kuangalia gari la kuhamisha vyombo. Likionekana linashusha, ndani ya wiki moja watu wawili wanagonga na maneno yale yale ya kwanza, hawachangishi kitu, wanamwonyesha siku ya taka, siku maji yanapokatika, na kwa Mangi. Likionekana linapakia, mstari unakatwa kwenye daftari, filimbi inarudishwa, na kama aliyehama alikuwa ameweka akiba ya msiba ambayo haikutumika, anapewa nusu yake mkononi mbele ya dereva wa kirikuu. Geti lisipofunguliwa mara ya kwanza, rudini Jumapili inayofuata. Lisipofunguliwa mara ya tatu, karatasi yenye namba mbili za simu ipite chini ya geti, na mtaro wa mbele yake ufukuliwe kama wa wengine.